Neno "Recognise" na Kazi Zake

Liko neno moja la Kiingereza ambalo karani hulikuta katika barua za ofisini, mfanyakazi hulisikia katika mikutano ya chama chake, na shahidi huulizwa kwalo mbele ya hakimu. Neno hilo ni "recognise". Watu wengi waliosoma hulifasiri kwa neno moja tu, kutambua, kisha huendelea na kazi zao. Fasiri hiyo si kosa, lakini haitoshi. Kwa wenyeji wa lugha ile neno hili hufanya kazi kadha wa kadha, na kila kazi ina uzito wake. Asiyezipambanua aweza kusaidia kumfunga mtu asiye na hatia. Aweza kudhani kwamba dai lake limekubaliwa, hali barua imesema tu kwamba dai limefika. Au aweza kungoja apewe kwa hisani kitu ambacho sheria imekwisha kusema ni chake.

Asili ya neno hili ni Kilatini, nalo lilipita katika Kifaransa cha zamani kabla ya kuingia katika Kiingereza. Sehemu yake ya kwanza ina maana ya "tena", na sehemu iliyobaki ina maana ya "kujua". Basi kwa asili yake ni kujua tena, yaani kukutana na kitu kilichokuwako na kukijua kwa mara nyingine. Huandikwa kwa s au kwa z, na namna zote mbili ni sahihi, mradi mwandishi achague moja na kuifuata tangu mwanzo wa barua hata mwisho wake. Wazo hilo la asili lafaa kushikwa sana, maana halipotei kabisa katika matumizi yake: kinachotambuliwa hakizaliwi siku ile kinapotambuliwa. Kilikuwako tangu hapo.

Ili kujua neno hili linafanya kazi gani katika sentensi, njia iliyo rahisi ni kutazama neno dogo linalofuata. Likifuatwa na "by", aghalabu habari ni ya alama: mtu ametambuliwa kwa sauti yake, kwa mwendo wake, au kwa kovu lililo shavuni. Likifuatwa na "that", habari ni ya kukubali kwamba jambo fulani ni kweli. Likifuatwa na "as", habari ni ya cheo au hali: mtu, chama au nchi imekubaliwa kuwa ndivyo ilivyo. Hata hivyo hadhari yatakiwa, kwa maana "by" aweza pia kumtaja yule afanyaye tendo, kama shule iliyotambuliwa na Serikali. Hapo maana si alama bali ni cheo.

Kazi ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya kila siku. Mzee hukutana sokoni na kijana aliyekaa mjini miaka mingi. Mzee humwuliza, "Mjukuu wangu, hunitambui?" Kijana humtazama, husikiliza, kisha uso wake hukunjuka. "Shikamoo, babu. Nimekutambua kwa sauti." Mwingereza angesema "I recognise you", wala si "I am recognising you", kosa ambalo huonekana mara nyingi katika barua za vijana, kwa sababu Kiswahili husema "ninakutambua" bila taabu yoyote. Katika Kiingereza kutambua kwa namna hii ni tukio la mara moja, kama kiberiti kinavyowaka. Halina mwendo wa kuendelea.

Hapa pia neno hili latakiwa kutengwa na jirani zake. "Know" ni kujua kwa siku zote, hata mwenye kujuliwa akiwa mbali. "Recognise" ni kumkuta tena yule uliyepata kumjua au kumwona. "Identify" ni kuonyesha mtu au kitu ni kipi, na aweza kuwa mgeni kabisa, kama vile askari aonyeshavyo mwenye alama fulani ya vidole. "Realise" ni kuingiwa na fahamu ya jambo ambalo zamani halikuwa wazi. Mtu aliyesema "nilitambua kwamba nimechelewa" hakukutana na sura ya mtu yeyote, huyo ali-"realise". Kiswahili chaweza kutumia kutambua kwa mambo haya karibu yote, na huo ni utajiri wake. Lakini afasiriye hana budi kujua ni mlango upi anaoufungua.

Mahali ambapo tofauti hizi huwa ni jambo la uhai na mauti ni mahakamani. Shahidi husema kwa lugha yake kwamba usiku ule aliwaona wezi, na mmoja wao alimtambua. Mkalimani husimama kati ya kinywa cha shahidi na kalamu ya hakimu. Je, shahidi alikuwa akimjua mtu yule tangu zamani, au ndiyo mara ya kwanza kumwona? Je, alimtambua, au alimfananisha? Kumfananisha mtu ni kuona amefanana na fulani. Si kusema ndiye. Mkalimani akiyafanya maneno haya mawili kuwa "recognised", ameondoa shaka ambayo shahidi mwenyewe alikuwa nayo, na mshitakiwa hatajua ilipotelea wapi.

Mahakama za nchi hizi zimelifahamu jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1936, katika shauri la Mwango, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilitaja kanuni za gwaride la utambulisho. Kwa kanuni zinazofuatwa na polisi wa Kenya, mshitakiwa husimama pamoja na watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kadiri iwezekanavyo kwa umri, kimo na hali, huchagua mwenyewe mahali pa kusimama, na shahidi humgusa yule amtambuaye. Mwaka 1953, katika shauri la Abdalla bin Wendo, mahakama ile ile ilisema kwamba jambo laweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mtu mmoja, lakini ushahidi wa mtu mmoja kuhusu kumtambua mshitakiwa hauna budi kupimwa kwa uangalifu mkubwa, hasa palipokuwa na giza, mbio au hofu.

Mwaka 1980, katika shauri la Anjononi, majaji wa rufani wa Kenya walitofautisha wazi maneno mawili. Walisema kwamba kumtambua mtu uliyemjua zamani kunategemewa zaidi kuliko kumwonyesha mgeni uliyemwona mara moja, kwa sababu kunatokana na ujuzi wa mtu mwenyewe. Ndiyo maana gwaride halina faida ikiwa shahidi na mshitakiwa ni majirani: kumwonyesha jirani katika mstari si kuthibitisha kwamba ndiye aliyeonekana usiku ule. Lakini hata majirani hukosea. Katika shauri la Turnbull la mwaka 1976, mahakama ya rufani ya Uingereza ilionya kwamba watu hukosea nyakati nyingine hata katika kuwatambua jamaa na rafiki zao wa karibu. Kwa hiyo shahidi mwema hasemi tu "nilimtambua". Husema kulikuwa na mwanga gani, walikuwa mbali kiasi gani, alimtazama kwa muda gani, na alama iliyomjulisha ni ipi. Neno peke yake ni kama mlango usio na nyumba nyuma yake.

Kazi ya pili ni kukiri. Mtu asema "I recognise that", naye anakubali kwamba jambo fulani ni kweli, hata kama halimpendezi. Jirani wa neno hili katika ofisi ni "acknowledge". Karani akiandika kwamba "acknowledges" barua ya mkulima ya tarehe fulani, maana yake ni kwamba barua imefika mezani. Hakusema kwamba mkulima ana haki, wala kwamba mpaka wa shamba utapimwa upya, wala kwamba fedha zitalipwa. Watu wengi wamefurahi kwa barua ya namna hiyo, wakaiweka sandukuni kama hati ya ushindi, wakaacha kufuata dai lao mpaka muda uliowekwa na sheria ukapita. Kupokea si kukubali. Yule aliyepata barua kama hiyo na aitunze vizuri, kwa maana ni ushahidi wa tarehe, kisha aendelee kudai.

Na kukiri kwenyewe kuna mipaka yake. Mfano mkubwa ni wa tarehe 6 Juni 2013, siku ambayo William Hague, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, alisimama katika Bunge la London kuzungumza juu ya Wakenya walioteswa katika siku za vita vya Mau Mau. Wazee wachache walikuwa wamefungua shauri katika Mahakama Kuu ya London mwaka 2009. Katika tamko lake waziri alitumia neno hili hili: Serikali ya Uingereza inatambua kwamba Wakenya waliteswa na kutendewa vibaya mikononi mwa utawala wa kikoloni, nayo yasikitika kwa dhati. Watu 5,228 waliodai walipatanishwa kwa malipo yaliyofika pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za shauri, na mnara wa kumbukumbu ulijengwa Nairobi, ukafunuliwa mwaka 2015.

Lakini katika tamko lile lile waziri alisema pia kwamba Serikali yake inaendelea kukataa dhima ya kisheria kwa matendo ya utawala ule. Hapo ndipo ufundi wa neno huonekana. "Recognise" lilikiri kwamba tendo lilitokea. Halikukiri kwamba mwenye kusema ana deni mbele ya sheria. Mfasiri akiandika kwamba Serikali ilikubali hatia, amezidisha. Akiandika kwamba ilisema tu inafahamu habari hizo, amepunguza. Kwa mzee aliyengoja tangu ujana wake, tofauti hiyo si mchezo wa wasomi. Alipata kuambiwa hadharani kwamba aliyoyasema ni kweli, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini alilolipata lilikuwa na ukingo wake, na alistahili kuuona. Wala si Uingereza peke yake iliyochelewa. Sheria iliyopiga marufuku Mau Mau tangu 1950 iliondolewa katika Kenya yenyewe mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru.

Kazi ya tatu ni kukubali cheo au hali, nayo ndiyo inayoandamana na wajibu. Mwajiri aweza kuwajua viongozi wote wa chama cha wafanyakazi kwa majina, akawaamkia kila asubuhi, na bado awe hajakitambua chama chao. Katika Kenya mapatano makuu ya uhusiano wa kazi yalitiwa sahihi mwaka 1962 kati ya Serikali, waajiri na wafanyakazi. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mwajiri atakitambua chama kikiwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoweza kujiunga. Kukitambua maana yake ni kuketi nacho na kupatana juu ya mishahara na masharti ya kazi. Basi karani wa chama asiridhike na tabasamu la meneja. Anachokitafuta ni mkataba wa kutambuana, uliotiwa sahihi.

Nchi nazo hutambuana kwa namna hiyo. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, wala haikutambuliwa na nchi hata moja. Biafra ilipojitenga na Nigeria mwaka 1967, Tanzania ilikuwa ya kwanza kuitambua, mwezi wa Aprili 1968. Lakini Biafra ilianguka Januari 1970. Kwa upande mwingine, Serikali ya Kikomunisti ya China ilitawala Peking tangu 1949. Uingereza iliitambua mwaka 1950, lakini Marekani haikufanya hivyo mpaka tarehe 1 Januari 1979. Katika miaka hiyo yote China ilikuwako, ikilima, ikijenga, na kuzaa watoto. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 ulikuwa umekwisha kusema kwamba kuwako kwa dola hakutegemei kutambuliwa na dola nyingine. Kutambuliwa si uhai. Lakini asiyetambuliwa hufanya biashara kwa mlango wa nyuma.

Jambo hili laeleweka vizuri zaidi katika habari za watu wa Pwani. Wamakonde, ambao wengi wao asili yao ni Msumbiji, waliingia Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walioa, walizaa, walizika wazee wao katika ardhi ya Kwale. Majirani zao waliwatambua kwa nyuso, kwa majina na kwa uchongaji wao. Lakini katika daftari za Serikali hawakuwamo. Bila kitambulisho mtu hawezi kufungua akaunti ya benki, wala kuandikisha shamba kwa jina lake, wala kupiga kura, na mtoto wake hupata shida shuleni. Mwezi wa Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia. Mwaka 2017 walipewa vitambulisho, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Washona walitangaziwa uraia mwaka 2020, na Wapemba wa Kilifi na Kwale mwaka 2023.

Yafaa kulitazama neno kitambulisho lenyewe. Ni kitu kinachomfanya mtu atambulike. Lakini cheti chaweza kumtambulisha mtu bila ya aliyekitoa kumtambua mwenye nacho. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake na habari za kazi zake, ndani ya kijaluba cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Kipande kilijua jina lake, mshahara wake na bwana wake. Kwa Kiingereza kilim-"identify". Hakikum-"recognise", kwa kuwa hakikumpa sauti wala haki hata moja. Kitambulisho cha raia, ijapokuwa ni karatasi ndogo vile vile, chasema jambo jingine: mtu huyu ni mwenyeji.

Iko pia kazi ndogo ya nne, ambayo haihitaji maneno mengi. "In recognition of" huandikwa juu ya nishani, vyeti na saa wanazopewa wanaostaafu, na maana yake ni kuthamini utumishi. Ni desturi njema. Lakini aliyepewa cheti cha namna hiyo na ajue kwamba hakikumwongezea malipo ya uzeeni, ila kama imeandikwa hivyo mahali pengine.

Mwishowe, neno hili limekaa mahali pa heshima kuu kuliko pote, napo ni katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 11 chasema kwamba Katiba inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 19 chaeleza kusudi la kutambua na kulinda haki za binadamu, kisha chaongeza jambo ambalo kila raia apaswa kulijua: haki hizo ni za kila mtu, wala hazikutolewa na Serikali. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1948, Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilisema katika kifungu cha 6 kwamba kila mtu ana haki ya kutambuliwa kuwa mtu mbele ya sheria popote alipo. Hapa ile maana ya asili, kujua tena, hurudi kwa nguvu zake zote. Sheria haiumbi utu wa mtu. Yakutana nao, na kuukiri. Atambuaye haki hakuitoa mfukoni mwake, na kwa hiyo hana ruhusa ya kuirudisha mfukoni.

Basi mtu akilikuta neno hili katika barua, sheria au gazeti, ajiulize maswali matatu. Je, habari ni ya kujua sura, ya kukiri jambo, au ya kukubali cheo? Ni nani atambuaye, na je, ana mamlaka ya kufanya hivyo? Na baada ya kutambua, wajibu gani umemwangukia? Asiyeona jibu la swali la tatu na aende kuuliza kwa mwandishi wa barua, kwa adabu na kwa maandishi. Kuuliza si ujinga, na barua moja ya kuuliza yaweza kuokoa shamba, kazi, au jina la mtu.